Tende Aliyoimeza Mzee Yahaya

Mate! Nani anayashukuru mate? Mtu akiamka asubuhi anamshukuru Mungu kwa macho, kwa miguu, kwa pumzi, na akipata nafasi atataja na riziki. Mate hayamo. Mate ni kitu cha kutema njiani. Mzee Yahaya naye alikuwa hivyo hivyo mpaka yalipomkauka, na hapo ndipo alipotambua kwamba kazi yake ya kushona kofia, kazi iliyomlisha tangu ujana, ilikuwa inategemea mate.

Hebu mfikirie fundi wa kofia za mkono. Anakata uzi, anatia ncha yake mdomoni, anailainisha, anaipitisha kwenye tundu la sindano. Ni jambo la kufumba na kufumbua, halihesabiki hata kuwa kazi. Yahaya alilifanya barazani kwake, mtaa wa Chemchem pale Tabora, miaka nenda miaka rudi, huku anaitikia salamu za wapita njia. Sasa akiutia uzi mdomoni unatoka mkavu kama ulivyoingia, tena umechambuka zaidi. Ikabidi aweke bakuli la maji kando yake. Anachovya kidole, anaulowesha uzi, anajipangusa, ndipo anaanza. Kuna mgeni mmoja alidhani ni bakuli la kuku, akalisogeza kwa mguu. Yahaya akalirudisha mahali pake.

Mate yake yalibaki Dar es Salaam. Alikuwa ametokwa na uvimbe chini ya taya. Mwanzoni akauita jipu, akaukanda kwa maji ya moto, mpaka ukawa haukandiki tena. Akapelekwa kuchomwa mionzi. Uvimbe ukanywea, alhamdulillahi, akarudi nyumbani amekonda lakini yu hai. Ila mionzi ile haikuchagua. Ilipoua ugonjwa iliua na tezi zinazotoa mate. Tangu hapo ugali haumpiti kooni bila mchuzi mwingi, na chupa ya maji haimbanduki, hata msikitini anaingia nayo.

Ingekuwa ni hilo tu, angelivumilia. Mzee mwenyewe si mtu wa kulalamika. Ukimuuliza hali atakwambia "salama tu" hata kama paa linaungua. Lakini kulikuwa na jambo la tende.

Waislamu wanaijua tahniki: mtoto akizaliwa, mtu mwema hutafuna tende mpaka ikalainika kabisa, akampaka mtoto kidogo kwenye kaakaa kwa ncha ya kidole. Kila nyumba ina namna yake ya kuifanya. Kwa kina Yahaya ilikuwa ndiyo nguzo ya nyumba yenyewe. Inasemekana babu yao mkuu alikuja na misafara kutoka pwani, amejitwika mtumba wa nguo za watu wengine, na mali yake mwenyewe ni tende chache alizozifunga kwenye ncha ya shuka. Njia ile ilikula watu wengi. Yeye akafika Unyanyembe, ndiyo Tabora hii, akaoa, na mtoto wake wa kwanza alipozaliwa hakuwa na kitu cha kumpa ila tende ya mwisho. Akamtafunia. Mtoto akaishi, akazaa, na wale waliozaliwa wakazaa. Basi tangu zama hizo kila mtoto wa nyumba ile hupewa tende iliyotoka kinywani mwa mkubwa wa nyumba, kabla ya kitu kingine chochote, kabla hata ya ziwa la mama. Baba yake alipofariki, Yahaya akawa ndiye mkubwa. Watoto aliowatia tende, wa ndugu na wa majirani, leo wengine wana ndevu.

Na katika watoto wote hao, mjukuu wake mwenyewe hakumtia.

Yahaya ana binti mmoja tu, Shamila, ambaye mama yake alifariki zamani. Shamila ameolewa na Majidi, dereva wa lori linalobeba tumbaku kutoka Urambo. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa wakati Yahaya yuko Dar, amelazwa chini ya mashine. Mtoto wa kiume, mwenye afya, akaletwa nyumbani bila tende. Hakufika arobaini. Alishikwa na homa, akakataa ziwa, na kabla watu hawajajua washike lipi waache lipi, akazikwa. Hospitali walisema ni maambukizi, yalikotoka hawakujua. Yahaya aliporudi alikuta kaburi dogo ambalo udongo wake ulikuwa bado haujatulia.

Sasa, Yahaya ana dada yake anayemfuata kwa kuzaliwa, Bi Zamda, mjane, mwanamke mwenye huruma nyingi na ulimi usio na breki. Siku ile ile aliporudi, Zamda alimwandalia uji, akakaa naye, akalia naye, kisha akasema, "Mtoto yule alikosa tende, kaka. Aliingia duniani kinywa kitupu. Ungekuwepo ungemkinga."

Alisema mara moja, hakurudia. Wala hakuwa na haja ya kurudia. Maneno yale yaliganda kifuani mwa Yahaya, akawa analala nayo na kuamka nayo. Akaamini, jamani, kwamba kinywa chake ndicho kilichokuwa kinga ya watoto wa nyumba ile, na kwamba kinga hiyo ilipokuwa mbali mtoto akafa. Ni mzigo gani huo wa kumtwika mtu mgonjwa? Lakini aliutwaa, tena kwa mikono miwili.

Shamila alipopata mimba ya pili, Yahaya alikwenda sokoni mwenyewe, akazichagua tende moja moja kama anachagua ushanga, akazitia kwenye kopo, akaliweka juu ya kabati mahali ambapo hata Zamda hafiki bila kigoda.

"Safari hii nipo," akamwambia binti yake. "Hata wanifunge kamba, nipo."

Shamila akainamisha kichwa. "Inshallah, baba."

Mwezi wake ulipokaribia, Yahaya aliamka asubuhi moja kinywa kinawaka. Akajitazama kwenye kioo cha kunyolea. Ulimi ulikuwa umetandwa na utando mweupe, na mashavu kwa ndani vile vile. Akauparuza kwa mswaki wa mti mpaka fizi zikatoka damu. Ukarudi. Akapaka asali ya Sikonge, asali ambayo kila mtu wa Tabora atakuapia kwamba inaponya kila kitu, ikamchoma mpaka akatokwa na machozi. Pembe za midomo zikapasuka. Halafu akapatwa na kihoma kidogo, na kilipoondoka kilimwachia zawadi: malengelenge kwenye mdomo wa chini, yamesongamana upande mmoja, yanapasuka na kutoa maji.

Akafanya nini? Akajifunga leso mdomoni, akasingizia vumbi. Ilikuwa kiangazi, na vumbi la Tabora wakati wa kiangazi halihitaji shahidi, kwa hiyo watu wakaamini. Mficha maradhi kifo humuumbua, yeye mwenyewe ameisema methali hiyo kwa watu wengi. Lakini mtu mzima akishaogopa hana tofauti na mtoto. Aliona kwamba wakijua, watamnyang'anya tende yake, na mjukuu wa pili atapita kinywa kitupu kama wa kwanza.

Ndipo akaenda kliniki ya kinywa na meno bila kumuaga mtu. Hakwenda kutafuta ushauri. Alikwenda kutafuta dawa ya haraka.

Daktari aliyemkuta ni msichana wa Nzega aitwaye Julieth, mpole, mikono yake midogo. Alisimama kumpokea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nataka kitu cha kuondoa hivi, na kiwe cha upesi."

"Fungua kinywa kwanza tukione, babu. Upesi tutauzungumza baadaye."

Akammulika. Akammulika tena, upande huu na upande ule. Akauliza habari za mionzi, naye akamweleza.

"Mate huna kabisa?"

"Yako Dar," Yahaya akasema.

Julieth akacheka kidogo, kisha akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. "Babu, kinywa ni mlango usiofungwa. Chakula kinapita hapo, vumbi linapita, vidole vinapita, na kila kimoja kinakuja na vijidudu vyake. Sasa kwa nini hatuugui kila siku?"

"Kwa uwezo wa Mungu."

"Amina. Na sehemu ya uwezo huo ameiweka kwenye mate." Akamwonyesha kwa kidole, chini ya taya, mahali pale pale palipochomwa. "Mate yanaosha. Kila ukimeza, unawapeleka vijidudu tumboni, na tumboni hawatoki salama. Halafu ndani ya mate mna kinga yenyewe. Nyingine inawanasa vijidudu wasipate pa kushika, nyingine inawatoboa maganda yao. Ngozi ya ndani nayo inajivua na kuota upya kila mara, kinachong'ang'ania kinaanguka nayo. Na huku nyuma kooni yapo mafindofindo, yanamtambua kila anayepita na kuuambia mwili ujiandae. Kazi yote hiyo inafanyika wewe umekaa unashona."

"Na huu weupe?"

"Fangasi. Hakuja jana, babu. Huenda amekaa humo miaka mingi, kimya, kwa sababu mate yalikuwa yanamkalisha chini. Mate yameondoka, sasa anatamba."

Yahaya akaifikiria habari hiyo. Akagusa mdomo wa chini. "Na haya?"

"Hayo ni mengine. Hao ni virusi. Wengi wetu tunao, wamelala. Mwili ukichoka wanaamka. Kwako wewe ni maumivu tu, yatapita. Lakini kwa mtoto mchanga..." Akaiweka tochi mezani. "Nyumbani kuna mtoto mchanga, babu?"

"Hayupo," akasema Yahaya.

Na kweli hakuwepo, alikuwa bado tumboni kwa mama yake! Ukweli wa namna hiyo ni uongo uliovaa kanzu, na Yahaya alijua, maana aliangalia pembeni.

"Basi akija yeyote, usimbusu," Julieth akasema. "Wala usimtie kidole kilichogusa mdomo wako. Kinga ya mtoto mchanga haijakomaa. Anaishi kwa kukopeshwa na mama yake, kwanza kupitia damu, halafu kupitia yale maziwa ya mwanzo ya njano, dang'a. Ndiyo yanayompaka kinga humu kinywani na tumboni. Ndiyo maana tunasisitiza anyonye mapema."

Yahaya akainuka, akafika mlangoni, akarudi. Lilikuwa limemjaa, asingeweza kuondoka nalo.

"Sisi kwetu mkubwa wa nyumba humtafunia mtoto tende, mara tu anapozaliwa. Mtoto akikosa tende hiyo, anaweza kufa?"

Julieth akamtazama usoni, na Yahaya akaona kwamba ameshaelewa kila kitu, hata lile la "hayupo."

"Babu, mimi ni Mkristo, dini yenu siijui vizuri na sitaki kuitia mdomo. Ila sijapata kuona mtoto aliyekufa kwa kukosa tende."

"Na kwa kupewa?"

Binti yule akashusha sauti. "Virusi hawa wakimwingia mtoto mchanga wanapanda mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi huwa hatuwahi. Nimeona, babu. Nakuomba."

Akampa dawa ya fangasi na ya malengelenge, akamwambia malengelenge yatachukua wiki moja au mbili kukauka. Kuhusu mate hakumwahidi kitu.

Njia nzima ya kurudi Yahaya alibishana mwenyewe. Alijiambia: msichana wa juzi huyu, atajua nini kuhusu nyumba yetu? Baba alikuwa na meno mabovu kinywa kizima na alinitia tende mimi, mbona nimezeeka? Akajijibu: baba alikuwa na mate. Akajiambia: yule wa kwanza alikosa, akafa. Akajijibu: na huyu akipewa, je? Wahenga wamesema majuto ni mjukuu, na yeye alikuwa anamsubiri mjukuu wa kweli. Alifika nyumbani hajapata uamuzi. Akameza dawa, akafunga leso yake, akanyamaza. Alikuwa anaomba mtoto achelewe.

Mtoto hakuchelewa. Majidi alipiga simu asubuhi. "Baba, ni wa kike! Wote wazima. Nimeshamwadhinia sikioni." Yahaya akasujudu pale pale barazani, kati ya nyuzi na vitambaa. Alipoinuka akagusa mdomo wake. Bado ulikuwa na majimaji.

Walimleta siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri. Zamda alikuwa ameshatandika mkeka, ameshafukiza udi, ameshapanda kigoda na kuliteremsha kopo. Shamila hajavuka hata kizingiti, shangazi mtu akamdaka na swali.

"Kashanyonya?"

"Manesi walimweka kifuani pale pale, shangazi. Hawakuuliza mtu."

Zamda akafyonza. "Haya. Limeshatokea. Tende isichelewe zaidi. Kaka, kaa hapa."

Yahaya akakaa. Wakamwekea mtoto mapajani, amefungwa kwenye kanga ya mama, uso umejikunja, mzito kidogo kuliko alivyotarajia. Alinuka maziwa. Yahaya hakuwa amejua kwamba moyo wake bado unaweza kwenda mbio namna ile. Akampenda papo hapo, akaogopa papo hapo.

Zamda akampa tende. Akaishusha leso, akageuza uso kidogo ili upande wenye malengelenge uangalie ukutani, akaitia tende mdomoni.

Ilimuuma vibaya. Utamu uliingia kwenye nyufa na kuwaka, na kwa kuwa hapakuwa na mate, tende ikagandia kwenye kaakaa, haisogei. Akanywa funda la maji. Akatafuna. Akanywa tena. Majidi amesimama mlangoni, Zamda amepiga magoti karibu yake, Shamila ameketi ukutani. Wote wanangoja. Tende ikalainika hatimaye, lakini ililainika kwa maji ya chupa, si kwa kitu chochote kilichotoka kwake. Alilihisi hilo, na lilimtia uchungu kuliko vidonda.

"Mpe, kaka," Zamda akasema kwa sauti ya chini. "Mwenzake alikosa."

Mtoto akapiga miayo. Kinywa kikafunguka chote mbele ya Yahaya, kidogo, chekundu, hakina jino wala doa, na kaakaa likawa wazi linangoja. Yahaya akatia kidole mdomoni mwake, akachota tende, akakishusha kidole.

Kikasimama hewani. Akamwona akilini yule wa kwanza, ambaye kwa macho hakumwona kamwe. Akainua macho kumtafuta Shamila. Shamila alikuwa amefumba macho kwa nguvu, midomo inacheza bila sauti. Anasoma dua, Yahaya akadhani.

Basi akakirudisha kidole kinywani mwake, akakilamba, akameza. Tende ilishuka inakwaruza kama ganda la muhogo mkavu, mpaka machozi yakamlengalenga.

Zamda akakitazama kile kidole kitupu.

"Kaka," Zamda akasema. "Umemeza?"

"Nimemeza."

"Ulikuwa na njaa?"

"Majidi, mchukue mtoto," Yahaya akasema. "Mchukue kwanza."

Majidi alipomchukua, Yahaya alinawa vidole kwa maji ya chupa, akainuka, akaenda mlangoni penye mwanga. Mtu huyu hata miayo yake alizoea kuiziba kwa mkono. Sasa akaufungua mdomo mbele ya dada yake, binti yake na mkwewe, akautoa ulimi, akauvuta mdomo wa chini kwa kidole ili waone kila kitu. Akageuka huku na huku.

"Kinywa changu hakina cha kumkinga mtoto," akasema. "Kina cha kumuua. Daktari aliniambia. Nikaficha."

Zamda akashika kifua. "Ya rabi. Na yule wa kwanza?"

"Yule hakufa kwa kukosa tende yangu, Zamda. Alikufa kwa maradhi, na sijui yalitoka wapi. Natamani ingekuwa ni tende. Tende ningeweza kuinunua."

Zamda akajifunika uso kwa mtandio. Alikumbuka maneno yake ya siku ile ya uji, ilionekana wazi.

Ndipo Shamila akasema kutoka pale ukutani, "Niliona, baba."

"Uliona nini?"

"Mdomo wako. Siku ile ulipokuja kwetu na leso, upepo uliipeperusha. Na kliniki ya wajawazito walishatufundisha, mwenye vidonda vya namna hiyo asimkaribie mtoto."

Yahaya hakuelewa mara moja. "Ulijua? Na umenipakatisha mtoto?"

"Ningesemaje, baba?" Shamila akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekibana siku nyingi. "Wewe ni baba yangu. Yule mmoja hukumwona hata sura, na ulijilaumu mpaka ukakonda. Nilisema nikikuzuia mbele za watu nitakumaliza. Na nisipokuzuia... Nikafumba macho. Nikamwomba Mungu akuzuie Yeye, maana mimi nilishindwa."

Hebu nawe fikiria. Mama aliyezika mmoja, anamtoa wa pili kwa sababu kinywa cha mwana, hata akikua, hakimkatazi mzazi. Na mzazi mwenyewe anajua, amefunga leso, anakaa mkekani. Heshima ni kitu chema, sikatai, lakini siku ile ilibaki upana wa kidole tu imzike mtoto. Yahaya aliliona hilo lote kwa pamoja. Akaketi kizingitini, akalia. Machozi anayo, mionzi haikuyafikia. Yalimtiririka mpaka kwenye ule mdomo mkavu, na chumvi yake ikauma, akayaacha yaume.

Alipotulia, akasema bila kugeuka, "Zamda. Nawa mikono. Kwa sabuni, si kuchovya tu."

"Nikishanawa?"

"Toa tende nyingine. Iponde kwenye kijiko safi, mpaka ilainike. Kidogo tu. Halafu mpe Shamila aikamulie dang'a yake."

Zamda akasita. "Kaka, tangu lini mama akamtia mwanawe tende? Ni kinywa cha mkubwa wa nyumba. Ndivyo tulivyoikuta."

"Babu alitoa alichokuwa nacho," Yahaya akasema. "Mimi hicho sina tena. Mama yake anacho. Nenda kanawe."

Zamda akaenda, na maji yakasikika yakimwagika uani kwa muda mrefu sana. Wanaume wakatazama nje wakati Shamila akikamua. Matone mazito ya njano yakaangukia tende, Zamda akaichanganya. Shamila akanawa naye, akachota kidogo mno kwenye ncha ya kidole, akampaka mwanawe kwenye kaakaa. Mtoto akakunja uso, akaufikiria ule utamu, kisha akaanza kukinyonya kidole. Yahaya alitazama kutoka kizingitini. Aliisoma dua ya nyumba yao kwa sauti iliyombakia, leso ikiwa mdomoni.

Siku ya saba wakampa jina la bibi yake marehemu, mama yake Shamila: Tunu.

Arobaini ilikuja polepole kuliko zote. Kila mtoto akipiga chafya nyumba nzima ilinyamaza. Yahaya hakumbusu wala hakumsogelea uso. Alikuwa anashika mguu wake tu, kupitia kanga, anaupima kwa kiganja kama mtu anayepima kofia. Malengelenge yalikauka, fangasi akatulia, akarudi, akapewa dawa tena. Siku ya arobaini Zamda alipika pilau la nguvu, akapeleka sahani moja kliniki kwa yule daktari wa Nzega, na aliporudi akasema tu kwamba binti yule ana adabu. Kutoka kwa Zamda hiyo ni hati ya dhahabu.

Mvua zilikuwa zimeshashika Yahaya alipoanza kuachiwa mtoto barazani. Siku moja alikuwa amempakata Tunu, sasa mnene, shingo imeshika, anashangaa kuku na baiskeli. Alikuwa anamshonea kofia ndogo ya kitambaa, uzi umemwishia. Akakata mwingine. Tunu akakidaka kidole gumba cha babu yake, akakitia kinywani kabla mzee hajawahi kukivuta, akakitafuna kwa fizi zake kwa bidii zote. Kilipotoka kilikuwa kimelowa chapa, na uzi mrefu wa mate ukaning'inia mpaka kwenye kanga.

Yahaya akakitazama kidole kile kwenye mwanga. Mate meupe, maangavu, mengi, ya mtoto mzima.

"Alhamdulillahi," akasema taratibu. "Unayo, mama. Unayo ya kwako."

Bakuli lilikuwa pale pale kando yake. Hakuligusa. Akaisokota ncha ya uzi kwenye kidole kilicholowa, akaielekeza tunduni, nayo ikapita mara ya kwanza.